Biblia Iliyopendwa na Biblia Iliyokataliwa: Maandiko Matakatifu Nchini Ayalandi

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za jioni, na poleni na foleni.

Nitaanzia kinamasini. Julai 2006, huko Tipperary, mwendesha mtambo mmoja alikuwa akichota mboji, yale matope meusi ya mimea iliyooza ambayo wenyeji wa Ayalandi tangu enzi huyakausha wakayachoma badala ya kuni. Katika matope akaona kitu cha ngozi. Kikafunikwa haraka kwa matope yaleyale kisikauke, wakaitwa watu wa Makumbusho ya Taifa. Kumbe kilikuwa kitabu cha Zaburi kwa Kilatini, kilichoandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya ndama yapata mwaka 800. Miaka 1,200 ndani ya maji! Kuna kurasa ambazo ngozi yake ilikwisha kabisa zikabaki herufi tu, kwa sababu pale wino ulipopita ngozi ilipata kinga ya kutooza. Mafundi wa makumbusho walitumia miaka kuyatenganisha mabaki yale, kipande kwa kipande.

Magazeti yakaandika kwamba kitabu kilikutwa kimefunguka kwenye Zaburi ya 83. Sasa kumbukeni ilikuwa Julai gani ile: Lebanon ilikuwa inapigwa mabomu, Israeli na Hizbullah wako vitani. Na Zaburi ya 83 katika Biblia zetu inazungumzia mataifa yanayopanga kuifuta Israeli. Mnaweza kukisia yaliyofuata. Watu wakaona ishara, simu zikamiminika, hadi makumbusho yakalazimika kutoa ufafanuzi: hesabu ya Zaburi katika Biblia ya Kilatini iko nyuma kwa moja, kwa hiyo ile ni Zaburi ya 84 kwetu, yenye maneno ya bonde la vilio. Mimi huwa nacheka nikikumbuka, lakini nacheka kwa adabu. Kitabu kilichotoka matopeni kilianza kusomwa upya ndani ya siku chache, na kila msomaji alikuja na hofu yake mwenyewe.

Baadaye, wakati wa kukihifadhi, ndani ya jalada lake yakakutwa mafunjo. Mafunjo ni mmea wa Misri. Katikati ya kisiwa chenye mvua, kwenye ukingo wa magharibi wa Ulaya, kitabu cha Zaburi kimetiwa bitana iliyotoka upande wa mto Nile.

Swali ninalotaka tulihangaikie jioni hii ni hili. Watu hawa waliyapokea maandiko kwa Kilatini, lugha ambayo hakuna mama wa Ayalandi aliyembembelezea mtoto, wakayapenda kwa zaidi ya miaka elfu, wakayapigania, hata wakayanywa, kama mtakavyosikia. Kisha mwanzoni mwa karne ya 17 wakaletewa Agano Jipya kwa Kiayalandi fasaha, lugha ya mama, na walio wengi wakaligeuzia kisogo. Kwa nini? Jibu langu nalitoa mapema, ili asiyekubaliana nami aandae maswali yake: mtu hupokea kitabu pamoja na mkono unaomkabidhi.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa mtumwa. Patrick alitekwa Uingereza na maharamia wa Kiayalandi akiwa na umri wa miaka 16, akatumikishwa miaka sita, akatoroka, akarudi tena kwa hiari yake kuwahubiria walewale waliomtumikisha. Hakuja na jeshi wala mfalme nyuma yake. Warumi hawakuwahi kuitawala Ayalandi, kwa hiyo Kilatini kilifika pale bila kodi na bila askari. Patrick ameacha maandishi yake ya maungamo, na anayeyasoma ataona jinsi Zaburi na nyaraka za Paulo zilivyomkaa ulimini: hawezi kusimulia shida yake binafsi bila neno la maandiko kujipenyeza.

Watu wakajifunza kusoma kwa Zaburi. Mwaka 1914, kinamasi kingine, safari hii Antrim, kilitoa vibao sita vidogo vya mbao vilivyopakwa nta, na juu ya nta yamechorwa maneno ya Zaburi ya 30 hadi ya 32. Ni vya yapata mwaka 600. Ni kama ubao wa chuo: unaandika, unasoma, unafuta, unaandika tena. Watawa waligawa Zaburi zote 150 katika mafungu matatu ya hamsini hamsini, wakazikariri kwa moyo, wengine wakisimama na mikono imetandazwa kama msalaba, wengine wameingia kwenye maji ya baridi. Ukitaka kujua baridi ya Ayalandi ikoje, muulize mtu aliyesoma Dublin.

Hapa kuna jambo ambalo wapenzi wa lugha hawapaswi kulipita. Watawa wale walipokuwa wakisoma Paulo kwa Kilatini waliandika maelezo kwa Kiayalandi katikati ya mistari, kwa herufi ndogo, kujisaidia wenyewe na wanafunzi wao. Mswada mmoja wa nyaraka za Paulo, wa karne ya 8, uko Würzburg, Ujerumani. Mwingine, wa ufafanuzi wa Zaburi, uko Milano, na ulitoka kwenye monasteri ya Bobbio aliyoianzisha Mwayalandi Columbanus. Kiayalandi cha kale kilipokuja kuandikiwa sarufi na Mjerumani Johann Kaspar Zeuss, mwaka 1853, maelezo yale ya pembeni ndiyo yaliyokuwa msingi wake. Lugha iliokolewa na watu waliokuwa wanahangaika kumwelewa Paulo.

Sasa tuje kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Waayalandi waliyaruhusu maandiko yaingie nyumbani, kisha wakayaketisha na mababu zao. Kitabu chao cha historia ya uvamizi wa kisiwa, kilichokusanywa karne ya 11, kinasimulia kwamba mjukuu wa Nuhu, binti aitwaye Cessair, alinyimwa nafasi katika safina. Akaamua kutafuta nchi ambayo haijapata kukaliwa na mtu, kwa hoja kwamba palipokosekana dhambi hapatakuwa na gharika. Akafika Ayalandi siku 40 kabla ya maji, ana wanawake 50 na wanaume watatu. Hoja yake haikufua dafu, maji yaliwafikia, lakini mmoja wa wale wanaume, Fintan, alinusurika kwa kugeuka samaki, akaishi maelfu ya miaka kama shahidi wa historia ya nchi. Kitabu hichohicho kinamweka babu wa Waayalandi kwenye mnara wa Babeli, akichagua kilicho bora katika lugha zote zilizovurugika ili atengeneze Kiayalandi. Na jina la kale la taifa lao kwa Kilatini, Scoti, wanalipata kwa Scota, binti wa Farao.

Mwanahistoria atakwambia hakuna hata chembe ya ukweli humo, na atakuwa sahihi. Lakini tazama walichokifanya. Biblia haikuitaja Ayalandi hata mara moja, nao wakakataa kuwa nje ya hadithi ya ulimwengu.

Na mababu waliokufa bila kubatizwa je? Hilo liliwasumbua kweli. Mfalme Conchobar wa Ulster, jimbo la kaskazini, katika hadithi za kale, alipigwa kombeo kwa bonge lililotengenezwa kwa ubongo wa adui uliokaushwa na chokaa. Likazama kichwani. Mganga akasema likitolewa atakufa, likibaki ataishi, mradi asikasirike wala asikimbie. Akaishi hivyo miaka saba, ametulia kama maji ya mtungini. Siku moja dunia ikatetemeka, giza likaingia, naye akauliza kuna nini. Akaambiwa: leo, mbali sana mashariki, mtu asiye na hatia anasulubiwa. Conchobar akapandwa na hasira, akasema laiti angekuwepo angempigania, akachomoa upanga, bonge likamtoka kichwani, akafa. Wasimuliaji wakasema damu yake mwenyewe ilikuwa ubatizo wake. Kwa hesabu yao, basi, Waayalandi walikuwa na mwamini tangu Ijumaa Kuu yenyewe, miaka 400 kabla ya Patrick. Huo ni ujanja, lakini ni ujanja wa watu wenye huruma kwa wazee wao.

Katika karne ya 8 mshairi Blathmac alimwita Mariamu aje waomboleze pamoja juu ya mwanawe, kama vile jirani anavyokwenda msibani kulia na mfiwa. Kusulubiwa kwa Kristo anakueleza kwa sheria za kwao: ni kosa la kumuua ndugu wa damu, jamaa wa upande wa mama kumsaliti mtoto wao. Kuna ukali kwa Wayahudi ndani ya shairi hilo ambao leo hatuwezi kuupokea, na sitaki kuupaka sukari. Lakini kilio ni cha kweli.

Mswada uliotuhifadhia shairi hilo, ulionakiliwa karne ya 17 na mtawa Mícheál Ó Cléirigh, una pia shairi la zamani juu ya utoto wa Yesu. Humo mtoto Yesu anafinyanga ndege 12 wa udongo siku ya Sabato, watu wazima wanakuja juu, naye anapiga makofi na ndege wanaruka. Injili nne za Biblia hazina kisa hicho. Naona ndugu zangu Waislamu mnatabasamu, kwa sababu ndege wa udongo wa Nabii Isa mnawajua kutoka Aali Imraan na Al-Maaida. Simulizi za kale ambazo makanisa mengine ya magharibi yalizisukuma pembeni, Ayalandi ilizitunza kwa wingi wa ajabu, na hiyo ndiyo sababu wataalamu wa maandiko ya apokrifa mpaka leo wanajifunza Kiayalandi.

Nimesema waliyapigania na kuyanywa. Kupigania kwanza. Katika maktaba ya Chuo cha Kifalme cha Ayalandi, jijini Dublin, kuna kitabu cha Zaburi, zimebaki kurasa za ngozi 58, ambacho huitwa Cathach. Masimulizi yanasema mtawa Colm Cille alikinakili usiku kwa siri kutoka kwa mwalimu wake Finnian. Finnian akadai nakala. Shauri likafika kwa mfalme Diarmait, akahukumu: kila ng'ombe na ndama wake, kila kitabu na nakala yake. Colm Cille hakukubali, vita vikapiganwa Cúl Dreimhne yapata mwaka 561, na miaka miwili baadaye alikuwa Iona, kisiwa cha Uskoti, uhamishoni. Wanasheria wa hakimiliki wanakipenda sana kisa hiki. Mimi nawatahadharisha: aliyekiandika kwa mapana ni Maghnas Ó Domhnaill mwaka 1532, karibu miaka elfu moja baadaye, na ukoo wa Ó Domhnaill ndio waliokuwa wanakimiliki kitabu hicho. Mwenye mali hakosi sifa za mali yake. Tunachokijua vizuri zaidi ni kwamba kitabu kilifungiwa kwenye sanduku la fedha karne ya 11, na kabla ya vita kilikuwa kinazungushwa mara tatu kulizunguka jeshi, kwa mkono wa kulia, shingoni mwa mtu aliyehesabiwa hana dhambi. Kwa karne nyingi hakuna aliyekifungua kukisoma. Kilifunguliwa mwaka 1813.

Kunywa sasa. Mwingereza Bede aliandika mwaka 731 kwamba watu walioumwa na nyoka walinyweshwa maji yenye makwangulio ya kurasa za vitabu vilivyotoka Ayalandi, wakapona. Miaka 900 baadaye Conall Mageoghegan anasimulia alivyomwona kwa macho yake mtunzaji wa Kitabu cha Durrow, Injili nne zilizopambwa kwa rangi mwaka 700 hivi, akikimwagia maji kisha kuwanywesha ng'ombe wagonjwa. Mageoghegan anamwita mtu huyo mjinga. Sisi wa pwani tusiwe wepesi kucheka: ni wangapi humu ndani bibi zao waliwaandikia kombe kwa zafarani, wakalisuuza, wakawapa mnywe?

Kwa hiyo picha niliyonayo ni ya watu walioyameza maandiko kwa kila njia: kwa kichwa, kwa ulimi, kwa nasaba, kwa vita, kwa mifugo. Kitabu cha Kells, Injili nne zilizopambwa ambazo watalii wanapanga foleni kuziona Trinity College, chuo kikuu cha Dublin, kiliibiwa kanisani mwaka 1007 kwa sababu ya dhahabu ya kasha lake, kikapatikana kimefukiwa chini ya majani. Nakipita haraka kwa kuwa kila mtu anakizungumzia.

Sasa tugeuze ukurasa. Tangu Henry VIII, wafalme wa Uingereza walitaka Ayalandi iwe ya Kiprotestanti. Mwaka 1537 bunge lao la Dublin lilikuwa limekwisha kupitisha sheria ya kuwataka watu wavae Kiingereza na waseme Kiingereza. Malkia Elizabeth akatoa fedha za kuchonga herufi za Kiayalandi ili Agano Jipya lichapwe, na kufikia 1567 alikuwa anauliza kitabu kiko wapi, kama hakipo fedha zake zirudi. Mwaka 1571 kikatoka kitabu kidogo cha alfabeti na katekisimu. Askofu Nicholas Walsh aliyeanza kutafsiri akauawa mwaka 1585. Uilliam Ó Domhnaill akaikamilisha kazi kutoka Kigiriki, ikachapwa 1602, ikakamilika 1603, mwaka uleule ambao vita vya machifu wa Ulster dhidi ya Uingereza vilikwisha kwa kushindwa. Miaka michache baadaye ardhi yao ikagawiwa walowezi. Fikirieni mko kijijini. Mwezi huu amekuja mpima ardhi, mwezi ujao anakuja mchungaji wa kanisa lilelile linalokutoza zaka kwa nguvu, na mkononi ana kitabu kizuri cha lugha yako.

William Bedell ndiye anayenipa shida katika hoja yangu, na ndiyo maana nitakaa naye kidogo. Alikuwa Mwingereza wa Essex, alikwenda kuwa mkuu wa Trinity College mwaka 1627, kisha askofu wa Kilmore mwaka 1629. Akiwa na umri mkubwa alikaa chini akajifunza Kiayalandi. Akamchukua Muircheartach Ó Cionga, mtu wa ukoo wa washairi, wakatafsiri Agano la Kale, Bedell akilipitia na kulilinganisha na Kiebrania. Nani aliwapinga? Si Wakatoliki. Ni wakubwa wa kanisa lake mwenyewe. Ó Cionga alinyang'anywa parokia yake na kutiwa ndani, na Bedell akahangaika kumtetea bila kufanikiwa. Kwa maofisa wengi wa Kiingereza mtu kumsoma Isaya kwa Kiayalandi lilikuwa jambo la hatari kuliko kutomsoma kabisa.

Uasi wa Wakatoliki wa Kiayalandi ulipolipuka Oktoba 1641, Bedell alifungua nyumba yake kwa wakimbizi. Waasi walimfunga kwa muda katika ngome iliyo katikati ya ziwa, wakati wa baridi, wakamwachia, akafa Februari 1642 katika nyumba ya Denis Sheridan, kasisi wa Kiayalandi. Inasimuliwa kwamba waasi Wakatoliki walikuja mazishini na bunduki zao, wakapiga risasi za heshima, wakasema kwa Kilatini apumzike kwa amani huyu, Mwingereza wa mwisho. Mswada ukaokolewa. Mwanasayansi Robert Boyle akagharimia uchapaji, na Agano la Kale likatoka London mwaka 1685. Mkono wa Bedell waliupenda, basi, ila uliofika na kitabu ulikuwa mwingine.

Karne ya 19 ikaharibu zaidi. Kuanzia 1818 kukawa na chama cha Kiprotestanti kilichowafundisha watu kusoma Kiayalandi kwa kutumia Biblia, na niseme haki yao: wako waliojua kusoma lugha yao kwa njia hiyo tu. Edward Nangle akajenga kituo cha misheni katika kisiwa cha Achill miaka ya 1830, na shule na mtambo wa kuchapa. Kisha viazi vikaoza mwaka 1845. Takriban watu milioni moja wakafa, milioni nyingine wakahama. Baadhi ya misheni zilitoa chakula na Biblia mahali pamoja, na kuambiwa "ulikunywa supu" likawa tusi linaloshika ukoo hadi vitukuu. Wanahistoria wanasema waliobadili dini kwa supu walikuwa wachache kuliko wanavyokumbukwa, na Wakweka, dhehebu dogo la Kikristo, walitoa supu bila sharti lolote. Haikusaidia. Biblia ya Kiayalandi ilikwisha nuka supu.

Mwaka 1855, Kingstown karibu na Dublin, padri Mrusi Vladimir Petcherine alishtakiwa kwa kuchoma Biblia pamoja na vitabu vingine katika moto wa Novemba 5. Baraza la wazee wa mahakama likamwachia, na mji ukawasha mioto ya furaha. Nchi iliyokuwa ikizungusha Zaburi vitani!

Mtu mmoja alijaribu kushona kitambaa hiki. Douglas Hyde, mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti wa Roscommon, alijifunza Kiayalandi kwa wakulima jirani zake, akaanzisha Umoja wa Kigaeli mwaka 1893. Akakusanya sala na nyimbo za dini za watu wa Connacht, Wakatoliki wengi wao hawajui kusoma, na kuzichapa mwaka 1906. Humo unamkuta Mariamu wa msibani, jamaa ya yule wa Blathmac. Mwaka 1938 Hyde akawa rais wa kwanza wa nchi. Alipofariki Julai 1949 ibada ilifanyika katika kanisa kuu la Mt. Patrick, la Kiprotestanti. Kanisa Katoliki lilikuwa linakataza waumini kuhudhuria ibada za namna hiyo, kwa hiyo waziri mkuu na karibu baraza lake lote walikaa nje kwenye magari. Waasi wa 1642 walikuwa na adabu zaidi ya misiba.

Biblia nzima ya Kikatoliki kwa Kiayalandi ilitoka mwaka 1981, Maynooth, chini ya padri na mwanazuoni Pádraig Ó Fiannachta. Tayari karibu kila aliyeinunua alijua Kiingereza. Ina wasomaji wake, na ya Bedell bado ina wasomaji wake miongoni mwa Waprotestanti wachache wanaosali kwa Kiayalandi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Najua mzee wangu pale mbele ana la kuniuliza kuhusu katekisimu aliyofundishwa na mapadri wa Kiayalandi akiwa mdogo, basi tuanze na yeye.